Mgonjwa wa sukari akae wapi?

Katika vijitabu kama hiki tumezoea kuandika juu ya desturi zetu kwa kuzisifu ao kwa kuzililia. Leo naomba ruhusa nifanye kitu kingine: niiulize desturi moja swali. Desturi yenyewe ni ile ya wazee kukaa pamoja jioni kuzunguka mtungi wa kasiksi. Swali ni hili: mtu akiambiwa kwamba ana ugonjwa wa sukari na asinywe tena, akae wapi?

Swali linaonekana dogo, hata la kuchekesha. Mimi mwenyewe nililicheka, na nitaeleza sababu gani silicheki tena.

1. Kiti kilichobaki wazi

Huku kwetu Nyangezi, karibu na barabara kubwa inayotoka Bukavu na kushuka Ngomo kwenda Kamanyola, kulikuwa mzee mmoja aliyefundisha shule ya msingi kwa miaka mingi. Sitamtaja jina, kwa sababu jamaa yake iko. Tulimwita Mwalimu, na inatosha. Alikuwa mtu wa watu. Palipokuwa ugomvi wa mpaka wa shamba, alipelekwa yeye. Palipokuwa barua ya kusoma kwa sauti, alisoma yeye. Na jioni, kwenye duara la wazee, kiti chake kilijulikana.

Mwaka 2019 alianza kuamka usiku kwenda kukojoa mara tano, mara sita. Kiu haikwisha, mwili ukaanza kukonda. Kwenye kituo kimoja cha afya walimpima damu na kumwambia: Papa, ni sukari. Wakampa vidonge na karatasi yenye vitu vya kuacha. Juu kabisa ya karatasi ile iliandikwa pombe ya ndizi.

Mwalimu alitii, maana maisha yake yote alikuwa mtu wa kuheshimu maandishi. Jioni ya kwanza alikuja, akakaa, akakataa kikombe. Mmoja akasema: «Eh! Mwalimu amekuwa mulokole?» Tukacheka. Jioni ya pili alikuja tena, na ya tatu. Ya nne hakuja. Nilipokutana naye njiani nikamuuliza, akanijibu: «Ndugu yangu, banasema niache kasiksi. Sasa nitaenda kule kufanya nini? Kuangalia vinywa ya benzangu?» Hapo pia tukacheka, yeye na mimi.

Miezi kidogo baadaye, Mwalimu alikuwa mtu wa kukaa ndani mchana kutwa, mlango nusu wazi. Shamba hakulifika. Redio hakuifungua. Usiku alilala macho wazi, asubuhi alishindwa kuamka. Mke wake alituambia: «Dawa anazisahau. Na nikimukumbusha ananijibu: ya nini?»

Neno lile, «ya nini», ndilo tulipaswa kulisikia. Hatukulisikia. Sukari ilipanda, kidonda kikatokea mguuni, kikakataa kupona. Alikufa mwaka 2022. Kwenye matanga wengine walisema: sukari imemuua. Wengine wakasema: hapana, ni mawazo. Walibishana mpaka usiku.

Na mimi nilikaa kimya, kwa sababu nilikuwa nakumbuka jambo moja. Kiti chake kwenye duara, kuanzia juma la pili, mimi njo niliyekikalia. Kilikuwa karibu na mtungi.

2. «Mawazo inaleta sukari»

Tuanze na ubishi wa matanga. Kwa Kiswahili chetu cha huku, mtu mwenye «mawazo» siyo mtu mwenye kufikiri sana kama mwanafunzi mbele ya hesabu. Ni mtu mwenye mzigo ndani. Kwa Mashi tunasema mambo hayo yanakaa ndani ya omurhima, ndani ya moyo, na wazee wetu hawakutenga moyo na mwili kama tunavyotenga leo hospitali mbalimbali. Kwa hiyo mama wa sokoni anaposema «mawazo inaleta sukari», hafanyi mchezo wa maneno. Anasema kitu alichokiona kwa jirani zake.

Sisi tuliosoma tulizoea kumsahihisha: hapana Mama, sukari inaletwa na chakula, na unene, na damu ya ukoo. Lakini wenye elimu walipaswa kuwa na haraka kidogo ya kusikiliza. Thomas Willis, daktari mkubwa wa Uingereza katika karne ya 17, ndiye aliyeandika juu ya utamu wa mkojo wa wagonjwa hawa. Na ni yeye yule aliyeandika pia kwamba huzuni ya muda mrefu inaweza kuleta ugonjwa huo. Kwa miaka mingi watu waliona maneno yake kama ya zamani tu.

Halafu watafiti wakaanza kuhesabu. Mwaka 2001, huko Marekani, walikusanya tafiti nyingi pamoja wakaona kwamba huzuni kali inapatikana kwa wagonjwa wa sukari karibu mara mbili kuliko kwa watu wasio na sukari. Mwaka 2008 wengine wakauliza: kati ya hizi mbili, gani inatangulia? Jibu lilikuwa kwamba njia inaenda pande zote mbili, lakini haina upana sawa. Mwenye huzuni kali ana hatari ya kupata sukari iliyozidi kwa asilimia 60 hivi. Mwenye sukari ana hatari ya kupata huzuni iliyozidi kwa asilimia 15 hivi. Kwa mfano rahisi: katika kundi la watu wasio na huzuni, kama 10 watapata sukari, katika kundi la ukubwa uleule la wenye huzuni watapata 16.

Tuelewane juu ya neno. Huzuni ninayosema hapa siyo machozi ya matanga, wala hasira ya kukosa mshahara. Ni ugonjwa ambao madaktari wanauita depresioni. Mtu anapita majuma mawili ao zaidi, karibu kila siku, roho imelemewa ao hakuna kitu kinachomfurahisha tena. Usingizi unaharibika, hamu ya kula inapotea ao inazidi, nguvu zinakwisha, anajiona hana maana, na pengine anafikiri juu ya kufa. Msomaji aangalie tena picha ya Mwalimu nyuma ya mlango wake.

3. Mambo yanavyopita ndani ya mwili

Mwenye shaka atauliza: wazo, kitu kisichoshikika, linapitia wapi mpaka lifike ndani ya damu?

Mungu alituumba na akiba ya hatari. Mtu akishtuka, mwili unatoa homoni, na moja yao inaitwa kotizoli. Kotizoli inaambia ini: mwanga sukari ndani ya damu, mtu huyu anahitaji nguvu ya kukimbia. Ni jambo jema sana kama unakimbia nyoka. Nyoka akienda, sukari inashuka. Lakini hofu ya kwetu haikuwa ya nyoka. Watu wa Nyangezi waliona wakimbizi wa mwaka 1994, vita ya 1996, vita ya 1998, Bukavu kutekwa mwaka 2004, na tena mwezi wa pili wa 2025 mji ulipoangukia mikononi mwa M23. Mwili ulioambiwa «kimbia» miaka thelathini hauwezi kurudi mahali pake kama mwili ulioambiwa hivyo dakika tano.

Kotizoli ikizidi kwa muda mrefu, insulini inashindwa kazi yake. Insulini ni kama ufunguo unaofungulia sukari mlango wa kuingia katika nyama ya mwili. Ufunguo ukianza kukwama, sukari inabaki njiani, ndani ya damu. Mafuta yanajikusanya tumboni, tansio inapanda. Ndiyo sababu magonjwa haya, sukari, tansio, kitambi, mafuta ya damu, yanapenda kutembea pamoja kama watoto wa nyumba moja. Ongeza juu yake kwamba mwenye roho iliyolemewa hatembei, hapiki, anakunywa peke yake, anasahau dawa. Hapo hauhitaji mchawi.

Na njia ya kurudi ipo pia. Sukari iliyozidi inachosha, inachoma miguu, inapunguza macho, inaondoa nguvu za kiume, jambo ambalo wanaume wetu hawalisemi lakini linawakata moyo kabisa. Inakula pesa ya nyumba. Nani hatahuzunika?

Kwamba mwili unaweza kuangusha roho, sisi wa Kivu tulipaswa kulijua mbele ya wengine. Pale Idjwi, katika miaka ya 1960, watafiti waliofanya kazi pamoja na kituo cha Lwiro walipima watu wenye rovu, yaani uvimbe wa shingo. Kaskazini ya kisiwa, zaidi ya nusu ya watu walikuwa nao. Kusini-magharibi walikuwa wachache sana. Upungufu wa iodi ulikuwa pande zote. Tofauti iliyoonekana ilikuwa muhogo uliokuwa unaliwa zaidi kaskazini, wenye sumu inayozuia iodi kidogo iliyopo isifanye kazi. Sasa tezi ile ya shingo ikikosa iodi, mtu anakuwa mzito, anasikia baridi, anavimba, anapoteza furaha. Ni wangapi waliitwa wavivu ao waliorogwa, na kumbe walikosa chumvi yenye iodi?

Na tusiseme kwamba sukari ni ya matajiri wenye kitambi. Huku kijijini tunaona wagonjwa wa sukari waliokonda. Mwaka 2025 shirikisho la kimataifa la ugonjwa wa sukari lilikubali rasmi aina inayofungamana na utapiamlo, ikaitwa aina ya 5. Mtoto aliyelala njaa leo anaweza kuwa mgonjwa wa sukari wa kesho, bila kuonja keki hata siku moja.

Basi mama wa sokoni ana haki nusu. Mawazo hayaleti sukari peke yake, lakini yanaisaidia kuingia, na sukari ikisha kuingia inayaita mawazo mengine. Kwenye matanga ya Mwalimu, wote waliobishana walisema kweli, kila mmoja upande wake.

Ila ukweli huu una mtego ndani yake. Mara tukisha kujua kwamba mawazo yanaumiza, tunamwambia mgonjwa: «Acha mawazo!» Tunasema kwa upendo. Lakini kumwambia mtu aliyebeba gunia la muhogo kutoka shambani «acha uzito» siyo kumsaidia. Anayetaka kumsaidia anashika upande mmoja wa gunia.

4. Mtungi ni nini?

Sasa turudi kwenye duara. Kijana wa mjini anayekunywa chupa yake peke yake mbele ya televisheni ataniambia: mzee mmoja kaacha pombe, shida iko wapi?

Shida ni kwamba kasiksi kwetu haikuwa kinywaji tu. Ndizi zinaivishwa, zinakamuliwa, maji yake yanachanganywa na unga wa mtama uliokaangwa, vinaachwa vichache. Kazi hiyo inaita mikono mingi, na kinachotoka hapo hakinywewi na mtu mmoja. Mwenye kutoa anaonja mbele, ili watu wajue hakuna ubaya ndani. Watu waliogombana hawasemi wamepatana mpaka wamekunywa pamoja. Posa haiongewi kinywa kikavu. Waliolima shamba la mjane wanaitwa jioni. Kwa hiyo kukataa kikombe, katika lugha ya zamani, ni karibu kusema: sina amani nanyi. Ndiyo sababu tulimcheka Mwalimu. Kicheko chetu kilikuwa kinaficha kutojisikia vizuri.

Lakini nisije nikaimba mtungi kama mtu asiyejua ubaya wake. Mtungi umekula karo ya watoto, umerudisha wanaume nyumbani na fimbo mkononi. Ni kweli pia kwamba mama wengi wamelipa karo ileile kwa kuuza kasiksi, lakini deni la mtungi halilipwi hivyo. Na kwa mgonjwa wetu hatari ni wazi. Pombe ya ndizi ina sukari yake. Kisha pombe yenyewe, ikikutana na vidonge vya sukari ao insulini katika tumbo tupu, inaweza kuangusha sukari ya damu mpaka mtu azimie, na walio karibu wanasema amelewa tu. Na anayekunywa ili asahau huzuni anaamka na huzuni ileile pamoja na deni. Waliomwambia Mwalimu aache kasiksi hawakukosea. Sitetei mtungi. Ninatetea duara.

5. Majibu mawili mabaya

Kwa swali letu, akae wapi, nimesikia majibu mawili.

La kwanza linasema: akae kwake. Afya ni ya kwanza, marafiki wa pombe siyo marafiki. Jibu hili linapendwa na wenye karatasi za kuacha vitu. Linaangalia damu ya mtu, linasahau mtu. Mwalimu alilifuata vizuri kabisa, sukari ikashuka miezi miwili, kisha ikakosekana sababu ya kuendelea kuishusha.

La pili linasema: kufa ni kufa tu, anywe na wenzake, afe akiwa na furaha. Jibu hili lina sura ya uanaume, na wengi wetu tunalisema tukiwa tumeshika kikombe. Lakini furaha gani iko katika mguu uliokatwa? Na nani atamuosha? Siyo sisi wa duara. Ni mke wake na binti zake.

Majibu yote mawili yana kosa moja: yanadhani kwamba kikombe na kiti ni kitu kimoja, ukiacha hiki umeacha kile. Hapo ndipo nataka tufikiri pamoja. Ugonjwa ulimnyang'anya Mwalimu kikombe. Kiti, ugonjwa haukumnyang'anya. Kiti tulimnyang'anya sisi, kwa kicheko, na kwa kutomfuata jioni ya nne. Kuacha pombe ulikuwa mzigo wake, na hakuna aliyeweza kuubeba kwa niaba yake. Kumpa mahali pa kukaa bila pombe ulikuwa mzigo wetu, na hatukuubeba. Kisha tulipoona amelemewa na miwili, tukasema: ana mawazo mingi.

Mzee mmoja aliposikia maneno haya alinipinga kwa nguvu. Alisema: «Mwanangu, desturi yenye kuruhusu kila mutu afanye yake, haiko desturi tena. Leo sukari, kesho tansio, kesho kutwa kila mutu na chupa yake ya maji. Mutungi utakunywewa na nani?» Ninamheshimu mzee, na neno lake lina uzito. Desturi nyingi zilikufa hivyo, kidogo kidogo.

Lakini namjibu kwa desturi yenyewe. Tangu siku za wamisionari, kati yetu wako Waprotestanti wasiogusa pombe, na Waislamu, na wamama wenye mimba, na tumewaoza, tumewazika, tumepatana nao. Kwao tulipata njia: tuliwapa maji, ao sukre ya chupa. Desturi haikufa. Ilionyesha kwamba kilichokuwa ndani ya kikombe hakikuwa roho yake. Kama tuliweza kufanya nafasi kwa ajili ya imani ya mtu, tunashindwa nini kwa ajili ya damu yake?

(Ila hapa tuchunge. Mgonjwa wa sukari akikataa kasiksi, mkono wetu unakimbilia sukre ya chupa, ambayo ni sukari tupu. Vilevile tukienda kutembelea mgonjwa tunabeba kilo ya sukari na chupa mbili tamu, kwa sababu hayo ndiyo matunzo ya heshima. Upendo wetu umejifunza kusema kwa sukari tu. Tuufundishe maneno mengine: mayai, maharagi, lenga-lenga, sambaza, kuni za kupikia.)

6. Duara pia ni dawa

Pengine msomaji atasema: kukaa pamoja ni jambo zuri, lakini ni utu tu, haliponyi ugonjwa. Tuone.

Mwaka 2002, kwa jirani zetu Uganda, katika wilaya za Rakai na Masaka, watafiti walichukua vijiji 30. Katika nusu ya vijiji, watu wenye huzuni kali walikusanywa katika vikundi, mara moja kwa juma, majuma 16. Waliongoza watu wa hapohapo waliofundishwa muda mfupi, wala siyo madaktari. Kila mtu alieleza linalomlemea: kifo, ugomvi, mabadiliko ya maisha, upweke, na wengine walimsaidia kutafuta njia. Mbele ya kuanza, katika vijiji vyenye vikundi, watu 86 kati ya 100 waliopimwa walikuwa na depresioni. Mwishoni walibaki 6 ao 7. Katika vijiji visivyo na vikundi walitoka 94 wakabaki 55 hivi.

Na kwetu pia, Kivu ya Kusini na ya Kaskazini, kazi ya namna hiyo ilifanywa na wamama waliopata ukatili wa vita, na matokeo yakatangazwa mwaka 2013. Miezi sita baada ya mafundisho, kati ya waliotibiwa katika vikundi, 9 kwa 100 walikuwa bado na dalili za huzuni kali ao za hofu kali. Kati ya wale waliopata msaada wa mtu mmoja mmoja, walikuwa 42.

Nisizidishe. Vikundi vile havikuwa duara la kasiksi. Vilikuwa na mwongozo, siku, na mafundisho. Na vilipima huzuni, havikupima sukari. Lakini vinatuambia kwamba watu waliokaa pamoja, wakasemezana kwa ukweli, wanaweza kuondoana kitu ambacho tulifikiri ni cha dokta peke yake. Na mtu asiyesema tena «ya nini» anameza dawa yake.

Kwa upande mwingine, duara lisijifanye hospitali. Kuna huzuni isiyosikia maongezi. Mtu anayesema anataka kufa, ao aliyeacha kula na kulala kabisa, apelekwe kwa wenye kazi hiyo. Bukavu kuna SOSAME ya Bafrère de la Charité, wanaotunza magonjwa ya akili. Watu wanasema pale ni kwa wenda wazimu, na kwa hofu ya neno hilo wanamficha ndugu yao. Mficha maradhi kifo humuumbua. Na yeyote asithubutu kumwambia mgonjwa aache vidonge ao insulini kwa sababu ameombewa. Maombi na dawa vinaweza kukaa nyumba moja bila kugombana.

7. Tunachodaiwa

Nikirudi kwenye swali langu, jibu langu ni fupi: akae palepale alipokuwa anakaa. Na ili aweze kukaa pale, kila mmoja ana sehemu yake.

Mganga wa kituo, akitoa karatasi ya kuacha vitu, aulize pia swali moja: Papa, Mama, ukiacha hiki utakuwa unakaa na nani? Na mgonjwa anayerudi kila mwezi apimwe damu, aulizwe pia kama analala, na kama bado kuna kitu kinachomfurahisha. Swali halihitaji mashine.

Mwenye kutoa mtungi aweke pembeni kikombe cha maji safi, akionje mbele kama anavyoonja kasiksi, ampe mgonjwa kwa mikono miwili. Asimpe kwa mkono mmoja kama anayempa mtoto. Heshima ilikuwa katika mikono, haikuwa katika ndizi.

Mgonjwa naye ana sehemu. Asifiche. Aseme: nina sukari, sinywi, lakini nimekuja. Najua ni vigumu. Mwalimu alikuja jioni tatu, na jioni tatu zile zilikuwa ujasiri kuliko wote tuliokuwa pale.

Na sisi wengine, mtu akikosekana, tusingoje matanga ili tumtembelee. Wazee wetu walikuwa na neno obwonjo, huruma inayomtoa mtu nyumbani kwake kwenda kwa mwenzake. Huruma inayobaki kwenye kiti ni maneno tu.

Mwaka uliopita, mdogo wa Mwalimu naye alipimwa, akakutwa na sukari. Alipokuja jioni, aliketi mbali kidogo, karibu na mlango, kama mtu anayejua ataondoka. Nilisimama kwenye kile kiti, nikamwambia: «Yaya, ikala hapa.» Yeye ni mkubwa kwangu kidogo. Tulimletea maji. Kwa muda hakuna aliyesema kitu. Unajua namna ukimya unavyokaa kati ya wanaume. Kisha mmoja akaleta maneno ya mpaka wa shamba lake, akamgeukia yeye: «Kaka yako angesema nini hapa?»

Akafikiri kidogo. Akanywa maji yake. Akaanza kusema, na tukasikiliza mpaka giza likaingia.